Nyumba ya Mwokaji

Kwa Zenobiusz, duka la chini ya ngazi, Uwanja wa Chumvi,
kuna makasha ya diski zilizotumika,
zina mikwaruzo kama sufuria za jeshi.
Nilimwambia: nataka mchezo wa kujenga mji.
Akanyoosha mkono.
Nikamwambia: ngoja, uwe na vita pia.
Mkono ukabaki hewani.
"Bi Ludwika, amua moja.
Bustani au bunduki."

Mchana nachora mabomba ya majitaka ya Zamość,
mji uliochorwa kwanza kwenye karatasi,
kisha ukajengwa, ukazungushiwa ngome.
Aliyeuchora hakuamua moja.
Mimi kwa nini niamue?

Wa kwanza alionipa ulikuwa mzuri wa kuudhi.
Barabara zilijinyoosha zenyewe,
raia wangu elfu kumi na mbili
walilalamikia kitu kimoja tu:
viti vya bustanini havitoshi.
Nikawaongezea viti.
Usiku wa tano nilisinzia, kidole juu ya kipanya,
nikaamka wamekuwa elfu kumi na tano
na hakuna aliyenihitaji.

Wa pili, vita vitupu.
Mji wake ni kambi yenye bomba la moshi:
unabonyeza, anatoka askari,
unabonyeza, anatoka askari,
hana kitanda, hana mama, hana deni dukani.
Wakifa mia, nabonyeza mia.
Kajetan, mwanangu, akacheka kwenye simu kutoka Gdańsk:
"Mama, umekuwa jenerali?"
Nimekuwa mashine ya kutotolesha vifaranga, nikamwambia.

Wa tatu haukuwa na jalada.
Jina liliandikwa kwa wino, wino ukafutika.
Zloti nne.
Humo majira ya baridi huingia bila hodi.
Nilijenga kama fundi mwoga:
lango, kisima, ghala,
halafu tanuri la mikate pembeni ya lango,
maana palikuwa na nafasi, basi.
Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta;
mimi nilianza na ukuta
nione ufa utachagua wapi.

Walikuja theluji ikianguka, kutoka kaskazini,
na mienge, na ngazi.
Mchezo huu hauna kitufe cha askari.
Ukigonga kengele, watu huacha walichoshika:
mfumaji akashuka, uzi ukining'inia mkononi,
wachunga nguruwe wawili,
na mwokaji, aproni bado nyeupe,
akapanda ukutani na upinde.
Wiki tatu nilikuwa nikimtazama akibeba unga.
Naijua njia yake ya kurudi.
Najua husimama kisimani
bila sababu.

Tulishinda. Skrini ilisema hivyo kwa herufi za dhahabu.
Asubuhi hakukuwa na mkate.

Chai yangu ikapoa, ikafanya utando.
Ningeweza kurudi nyuma, mchezo unaruhusu,
nilihamishe tanuri hatua ishirini,
aliye karibu na lango awe mtu mwingine.
Mtu mwingine.

Jumatatu nilipita dukani.
"Ulipata ulichotaka?"
Nilipata, nikasema.
Hakuuliza zaidi, alikuwa akihesabu chenji.
Nje, kwenye mteremko wa ngome ya kale,
watoto waliteleza juu ya mifuko ya plastiki
wakipiga kelele za vita,
na mmoja akaitwa nyumbani kula,
akaenda akiburuta mfuko wake.

Mji wangu sasa una watu mia mbili na sita.
Mwokaji mpya ni kijana, huunguza.
Nyumba ya yule wa kwanza ipo palepale, dirisha giza,
imekalia nafasi ya ghala ninalolihitaji mno.
Kila usiku napeleka nyundo juu ya paa lake,
mchezo unauliza: Bomoa?
Naiondoa nyundo,
naenda kuchimba mtaro upande wa pili.